Vitabu vya babu vimeloa: nifanyeje, na nani anafundisha kuvitunza?

BintPangani
Asalaam alaykum wakuu. Natunza kabati la vitabu vya madrasa aliyotuachia babu hapa Pangani. Ijumaa usiku bati lilivuja, rafu ya chini ikaloa: vitabu kama 30, vikiwemo 7 vya kuandikwa kwa mkono, wino mweusi na mwekundu. Viwili vimeanza kuota ukungu. Jirani ananiambia nivianike juani, palipochanika nibandike selotepu. Moyo unakataa. Pembeni mwa kurasa babu aliandika tarehe za kuzaliwa watoto wake wote, na marehemu mama yangu yumo. Nianzie wapi? Na sisi wenye kabati moja tu, kuna wa kutufundisha?

MtunzaNyaraka
Wa alaykum salaam, Ustadhati. Jua usithubutu, hupausha wino na kukunja karatasi. Selotepu ndiyo mbaya zaidi: gundi yake huingia kwenye karatasi, ikageuka njano, na kuitoa ni kazi.

Harakisha, ukungu huota ndani ya siku 2 au 3. Vile viwili vitenge, vaa barakoa, wala usivifute vikiwa vibichi, utausambaza ukungu ukurasa mzima. Vifunge kimoja kimoja kwenye mfuko wa plastiki, tia kwenye friza. Ukungu utasimama, utavikausha baadaye kwa utulivu. Mimi niliwahi kuokoa madaftari ya ofisi kwa friza la samaki.

Vingine visimamishe kivulini, vimefunguka kidogo, madirisha wazi, feni ielekee ukutani. Chini tandika kitambaa cheupe cha pamba. Magazeti wino wake unahama. Kurasa zilizogandana usizibandue kwa nguvu.

Kaole84
Kwa mafunzo, kuna chuo cha ukutubi na nyaraka Bagamoyo, kinaitwa SLADS, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Waulize kuhusu kozi fupi.

Pia Maktaba ya Uingereza, tangu 2004, ina mpango wa Endangered Archives. Hutoa ruzuku ya vifaa, kupiga picha hati zilizo hatarini na kufundisha watu wa hapo hapo. Hati zenyewe haziondoki nchini. Za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kwa njia hiyo.

BintPangani
Allah awalipe. Viwili viko kwenye friza la shemeji, vingine vimesimama chumbani kwangu. Ukurasa wenye tarehe ya mama umegandana na wa mbele yake. Sijaugusa.