Miaka 12 naandika mifumo, leo "napandishwa cheo" ili nisilipwe saa za ziada

Wakuu, hii hasira nimekaa nayo wiki mbili.

Ni mhandisi wa programu hapa Dar, mwaka wa 12 kwa mwajiri mmoja, kampuni ya mifumo ya malipo. Wiki mbili zilizopita niliitwa ofisini, nikapewa mkono wa pongezi na barua: kuanzia mwezi ujao ni Meneja wa Mifumo, nyongeza ya 200,000 kwa mwezi. Ukurasa wa pili ndio ulionichefua. Kwa cheo hicho silipwi tena saa za ziada.

Pigeni hesabu. Katika hiyo 200,000, NSSF wanachukua asilimia 10, kinachobaki kinakatwa PAYE asilimia 30, mkononi naambulia 126,000. Juni peke yake, saa za ziada zilinipa zaidi ya 400,000 kabla ya makato. Wamenipunguzia mshahara kwa barua ya pongezi!

Afisa rasilimali watu ananiambia, "Mameneja hawalipwi ovataimu, sheria ndiyo inasema hivyo." Haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nimeisoma mwenyewe. Wanaoondolewa kwenye masharti ya saa za kazi ni wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mimi sina hata mtu mmoja chini yangu. Nitakaa kiti kilekile, naandika programu zilezile za Java, na usiku wa manane nitapigiwa simu zilezile.

Na hizo simu si za mchezo. Mwishoni mwa Juni, saa saba usiku, siku ya mishahara, miamala ilianza kuingia mara mbili. Mfumo wa upande wa pili haukupata jibu letu kwa wakati, ukatuma upya, na wa kwetu ukapokea kama muamala mpya kwa sababu haukagui namba ya kumbukumbu kabla ya kuandika kwenye hifadhidata. Kasoro hiyo niliiripoti kwa maandishi miaka miwili kabla. Nikajibiwa hakuna bajeti. Usiku ule nilisimamisha foleni ya miamala, nikapitia miamala mmoja mmoja hadi adhana ya alfajiri, nikaandika programu ya kurudisha fedha za watu. Saa tatu asubuhi kikaitwa kikao, na aliyesimama kueleza "tulivyolitatua" hajawahi hata kuingia kwenye seva.

Zaidi ya fedha, kinachoniuma ni kwamba hapa fundi hana ngazi ya kupanda. Ukishakuwa mhandisi mwandamizi umefika mwisho. Unayetaka mshahara mkubwa, acha kuandika programu, kashike vikao na bajeti. Kazi hii naipenda. Nina miaka 38 na sijachoka nayo, nimechoshwa na watu wanaoiona kama kazi ya kijana anayesubiri kukua.

Nimefikiria kuondoka. Nikijiuzulu, kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka sikioni, maana kinalipwa pale mwajiri anapokuachisha. Tena hata wakiniachisha wao, miaka inayohesabika ni 10 tu, yaani siku 70 za mshahara wa msingi kwa miaka 12 ya kukesha. Kuna kampuni ya Ujerumani inataka nifanye kazi nikiwa nyumbani, malipo mazuri, ila mkataba ni wa miezi mitatu mitatu, bila likizo wala mchango wa NSSF wa mwajiri. Nina watoto wawili shuleni, ada haisubiri mkataba uhuishwe. Wengine wananishauri nihamie ulinzi wa taarifa binafsi, kwa kuwa sheria ya 2022 inazitaka taasisi ziwe na afisa wa kazi hiyo. Nafasi zipo, lakini hapo nitakuwa nasoma sera za faragha badala ya kujenga kitu.

Barua wanaitaka Ijumaa ikiwa na saini yangu. Ninavyoielewa ile Sheria ya Ajira ya 2004, masharti ya ajira yakibadilika mfanyakazi anashauriwa kwanza. Mimi sikuulizwa chochote.

Aliyewahi kukataa kusaini barua ya namna hii, mwajiri alikufanya nini? Na mliohamia mikataba ya nje mkiwa na familia, miezi ile ya katikati mkataba ukiisha mnaishije? Nahitaji majibu kabla ya Ijumaa.