Beta anaoza mapezi: nianze na maji safi, chumvi au antibiotiki?

MkiaWaBluu:
Wakuu, habari zenu. Nina samaki wa mapambo aina ya beta, dume, anayeishi peke yake kwenye tangi la lita 20. Tangu juzi ncha za mkia wake zimefumuka kama pindo la kanga kuukuu, na ukingoni kuna mstari mweusi mwembamba ambao haukuwepo. Anakula, na nikisogea bado anakuja mbele ya kioo. Nimepewa ushauri wa aina tatu: badilisha maji tu, tia chumvi, au mpe antibiotiki mara moja. Naombeni mnilinganishie kwa aliyewahi kuzitumia. Samaki huyu nampenda sana.

BiMaji:
Pole sana mkuu. Kwanza tuhakikishe ni kuoza kweli, maana beta huchana mkia kwenye mapambo yenye ncha kali, na wengine hujing'ata wenyewe. Pezi lililochanika hutokea ghafla: jana zima, leo lina pengo, na rangi ya ukingo haijabadilika. Kuoza huanzia ukingoni na kula kuelekea mwilini siku baada ya siku, na ukingo huwa mweupe, mweusi au mwekundu. Maelezo yako yanaelekea kwenye kuoza. Umepima maji?

MkiaWaBluu:
Nimepima sasa hivi. Amonia 0.5 na nitriti 0.25 (miligramu kwa lita), zile sumu mbili zitokanazo na uchafu wa samaki. Wiki iliyopita niliosha sponji ya filta kwa maji ya bomba mpaka ikatakata kabisa.

FundiFilta:
Basi chanzo umekitaja mwenyewe. Klorini ya maji ya bomba imeua bakteria wazuri wanaokula amonia, waliokuwa kwenye sponji, amonia ikapanda, samaki akadhoofika. Bakteria wanaoozesha mapezi, akina Aeromonas na Pseudomonas, wamo hata kwenye matangi yenye afya, wanangoja samaki aliyechoka. Ukimpa dawa huku amonia iko pale pale, utatibu leo na ugonjwa utarudi wiki ijayo.

Kwa hiyo kura yangu ni maji. Toa theluthi moja kila siku, rudisha maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, yenye joto lile lile la tangi. Punguza chakula. Sponji ikichafuka, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, basi. Kama una rafiki mwenye tangi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake iliyokomaa ukiweke kwenye filta yako. Vinginevyo utasubiri wiki kadhaa bakteria wajijenge upya.

MamaGapi:
Nakubaliana na Fundi, ila mimi ningeongeza chumvi, na kwa huyu nina sababu mbili. Ya kwanza, inawabana bakteria na kumpunguzia samaki kazi ya kulinda chumvi ya mwili wake. Ya pili ni hiyo nitriti: kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia kuingia kupitia matamvua.

Tumia chumvi tupu isiyo na vikorombwezo. Siku ya kwanza gramu 1 kwa kila lita, kwako ni gramu 20. Ikihitajika panda hadi gramu 2 kwa lita ndani ya siku mbili zinazofuata. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe, uimimine pole pole mbali na samaki. Na hapa wengi hukosea: chumvi haivukizwi. Ukitoa lita 7, rudisha chumvi ya lita 7 tu. Siku saba hadi kumi zinatosha. Kwenye tangi lenye konokono, mimea au kambare wadogo wa aina ya koridorasi nisingefanya hivi, hawaivumilii vizuri.

Samaki_Mmoja:
Mimi naona mnachelewesha. Wangu alianza hivyo hivyo, nikabadilisha maji siku mbili, na siku ya tatu mkia ulikuwa umeliwa hadi shinani, mgongoni kuna baka jeupe. Alikufa usiku ule. Tangu hapo natumia antibiotiki mapema.

FundiFilta:
Pole sana ndugu. Kasi ile na baka la mgongoni vinafanana na kolumnarisi, ugonjwa mwingine wa bakteria, ambao huua ndani ya siku moja au mbili, na maji yenye joto zaidi huuongezea mbio. Kwa ile antibiotiki mapema ni sahihi. Lakini wa MkiaWaBluu anakula, na kuoza kuko ncha tu.

Mkuu, mpige picha kila asubuhi upande ule ule. Ukingo ukizidi kurudi nyuma baada ya siku nne, wekundu ukifika shinani mwa pezi, au akikataa chakula, hamia antibiotiki kama kanamaisini, kwenye chombo cha pembeni ili usiue tena bakteria wa filta. Mkaa wa kuchujia uutoe, maana unafyonza dawa. Dozi imalize hata akionekana amepona. Antibiotiki nyingine, oksitetrasaiklini, nisingeichagua kama maji yako ni magumu, kalsiamu huipunguza nguvu.

BiMaji:
Majani makavu ya mkungu nayo yanafaa kumtuliza beta, ila yasichukue nafasi ya tiba.

MkiaWaBluu:
Leo siku ya tisa. Nilifuata maji na chumvi gramu 1, na rafiki alinipa sponji. Amonia na nitriti zimesoma 0 siku tatu mfululizo. Mstari mweusi haujasogea tangu siku ya nne. Ila asubuhi nimemulika tochi nikaona mbele ya ukingo kuna utando kama karatasi ya nailoni, unapitisha mwanga. Ndio weupe ule wa kuoza?

MamaGapi:
Hapana mwanangu, hilo ni pezi jipya! Weupe wa kuoza huwa na ukungu na huacha ukingo umechakaa. Huu unaangaza na ukingo wake ni laini. Rangi itafuata baadaye. Chumvi sasa iache itoke yenyewe: badilisha maji kama kawaida bila kuongeza nyingine.