Nimekimbia kilomita 21 presha ikashuka mpaka nikaogopa, ni kawaida?

Wakuu habari za jioni. Nina miaka 44, presha yangu huwa inacheza kwenye 138 kwa 86, sijaanzishiwa dawa, daktari alisema nipunguze chumvi nifanye mazoezi. Jumapili nimekimbia zile 21 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, nimemaliza nikasimama hapo hapo kuvuta pumzi, ghafla naona giza, kijana mmoja akanidaka. Nafika lojing najipima, 106 kwa 64! Usiku 112. Sasa hapa moyo umechoka au ndo napona? Nina wasiwasi kweli.

Jibu 1:
Pole mkuu, na hongera. Mimi ni nesi na nakimbia pia. Hilo giza ni kwa sababu ulisimama ghafla, ukikimbia mishipa ya miguuni inafunguka sana na misuli ya miguu ndo inasukuma damu irudi juu, ukisimama tu damu inabaki chini na kichwani inapungua. Siku nyingine tembea taratibu kama dakika kumi, ukisikia kizunguzungu lala chini miguu juu. Presha kushuka baada ya mbio ni kawaida, mishipa inabaki imelegea masaa kadhaa, wengine hadi siku nzima. Kwahiyo hiyo 106 usiihesabu. Jipime asubuhi siku ya kawaida, umekaa dakika tano, mkono usawa wa moyo.

Jibu 2:
Moyo unachoka kidogo kwenye mbio ndefu ni kweli, hata troponini (protini ya misuli ya moyo) inapanda kwenye damu ila kwa wengi inarudi ndani ya siku chache. Ukiendelea miaka chumba cha moyo cha chini kushoto kinatanuka, kila pigo linatoa damu nyingi, mapigo yanapungua. Mimi nilianza nikiwa na 78 nikiwa nimetulia, leo 54. Ila kifua kikibana au ukizimia katikati ya mbio usisingizie uchovu, nenda hospitali.

Jibu 3:
Naongezea kwa wenye wazee. Baba yangu anatumia dawa ya presha ile ya kukojoza, akatembea masaa mawili juani, karudi kaanguka bafuni. Daktari akampunguzia dozi. Asiache mtu dawa kichwa kichwa lakini, mwambieni daktari kwamba mmeanza mazoezi.

Muuliza swali:
Asante dada nesi, asanteni wote. Leo asubuhi siku ya tatu nimejipima kama ulivyosema, 132 kwa 84.