Mjadala: bahari ikifungwa kwa msimu, nani anashinda njaa?

Mleta mada

Wakuu salaam. Naomba hili tulijadili bila matusi maana kila likitajwa watu wanagawanyika, hawa wanasema fungeni bahari samaki wapumzike, wale wanasema mkifunga mnatuua sisi na watoto wetu. Swali langu ni hili: sheria za kubana uvuvi wa pwani, yani kufunga maeneo, kufunga misimu, kupiga marufuku nyavu za macho madogo, zinaokoa samaki kweli au zinamkamata tu mwenye mtumbwi?

Naanza na msimamo wangu ili mjue mnapinga nini. Mi naunga mkono kufunga. Ila uamuzi wa kufunga uwe mikononi mwa yule yule atakayeumia kwa kufunga, na siku ya kufungua awe yeye wa kwanza kuingia majini.

Mfano ninaoupenda ni kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004, wakishirikiana na watafiti, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao wa pweza kwa miezi kadhaa. Kipande tu kilifungwa, kwingine watu waliendelea na kazi kama kawaida. Na walichagua pweza kwa sababu pweza anakua haraka mno, umri wake wote ni kama mwaka mmoja na ushee, kwa hiyo ukimwacha miezi michache tu unamkuta ni mwingine kabisa. Walipofungua wakatoa pweza wazito, vijiji jirani vikaona vikaiga, na leo mtindo huo umefika hadi Zanzibar na kisiwa cha Rodrigues. Karibuni.

Mvuvi wa jarife

Mleta mada umeongea vizuri ila umechagua mfano rahisi. Pweza anakua kwa miezi, sawa, je chewa, yule samaki mkubwa wa miambani? Chewa anataka miaka kabla hajaanza kuzaa, sasa ukimfungia miezi mitatu alafu ukafungua umemkusanya tu ili amalizwe kwa siku moja.

Mi nataka tuongee nyavu. Watu wanaandika kama vile mvuvi ananunua nyavu ya macho madogo kwa roho mbaya. Hapana. Unaanza na macho makubwa, unarudi kapa, kesho kapa, keshokutwa kapa, mwenzako mwenye macho madogo anarudi na kitu cha kuuza na wewe nyumbani wanakuangalia mikono. Ndo unahamia huko. Nyavu yangu mimi ilichomwa moto mbele ya macho yangu na mkopo wake nilikuwa bado nalipa. Nyavu ya nailoni ikiungua haibaki jivu jamani, inayeyuka inakuwa donge jeusi gumu kama jiwe, na mchanga umenasa ndani. Nilikaa pale ufukweni nalo mkononi hata baada ya wao kuondoka. Na wiki hiyo hiyo usiku tuliona taa za meli za kukokota nyavu ndani ya maji ambayo kwa sheria hawatakiwi kuingia, hakuna aliyewafuata.

Kwa hiyo nikisikia neno hifadhi roho inaniuma, sitaficha. Sio kwamba sijui samaki wamepungua, mimi ndo niliyejua wa kwanza.

Mwanafunzi wa sayansi ya bahari

Pole sana kaka kwa nyavu, na hilo la chewa uko sahihi kabisa, naomba niliongezee nyama kidogo.

Sheria nyingi zinasema samaki mdogo asivuliwe. Ni nzuri lakini haitoshi, kwa sababu wanaojaza bahari ni majike makubwa. Kwa samaki wengi uzazi hauendi sambamba na uzito, samaki mkubwa anataga mayai mengi kuliko wadogo wengi mkiwajumlisha. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipiga hesabu kwa kodi wa Atlantiki, yule samaki mkubwa wa maji baridi: jike moja la kilo 30 linataga mayai mengi kuliko majike 28 ya kilo 2, na hao 28 ukiwaweka kwenye mizani ni kilo 56. Kwa hiyo siku unayomtoa yule mama mmoja mkubwa watu wakapiga naye picha, umetoa kizazi kizima.

Chewa ndo anaumia zaidi. Wengi wao wanaanza maisha wakiwa majike, baadaye wakishakua baadhi wanageuka madume. Ukichagua wakubwa tu unamaliza madume. Alafu wana tabia ya kukusanyika sehemu moja kuzaa, siku zile zile za mwezi kila mwaka, na wavuvi wazoefu wanazijua hizo siku na hiyo sehemu. Mkusanyiko wa miaka na miaka unaweza kumalizwa kwa misimu michache. Visiwa vya Cayman, kule Karibiani, walizuia uvuvi kwenye sehemu hizo mwaka 2003, na pale Little Cayman ndani ya miaka kama 15 chewa wakaongezeka karibu mara tatu. Huko hawakufunga bahari nzima, walifunga mahali pa kuzalia kwa wakati wa kuzaa.

Na kuhusu kufungua alafu kumaliza kwa siku moja, huo ni ugonjwa unaojulikana. Kule Ufilipino kuna kisiwa kidogo kinaitwa Sumilon, kipande cha mwamba wake kililindwa kuanzia 1974. Ulinzi ulipovunjika miaka ya 1980 watu wakaingia kuvua na mle ndani pia. Ungetegemea mavuno yaongezeke si ndiyo, eneo la kuvua limekuwa kubwa zaidi? Mavuno ya kisiwa kizima yalishuka kama nusu. Maana yake kile kipande kilichofungwa ndo kilikuwa kinawalisha, samaki wanajaa ndani wanavuka mpaka wanatoka nje, mvuvi anawasubiri pale ukingoni. Kisiwa cha Apo, nchi hiyo hiyo, walifunga sehemu yao mwaka 1982, wakaishikilia miaka mingi na wanakijiji wenyewe ndo walinzi, na samaki wakaendelea kuongezeka. Kwa hiyo kwa samaki wa miamba wanaokua taratibu mi nasema fungeni kipande kidogo moja kwa moja, msifungue. Kufunga na kufungua waachieni pweza.

Mama muuza samaki

Wanangu hamjambo. Nimewasoma wote, mnaongea nyavu, mnaongea mitumbwi, mnaongea chewa, hakuna hata mmoja aliyemtaja mwanamke anayeenda mwambani kwa miguu.

Maji yakitoka wakati wa bamvua, zile siku bahari inakupwa mbali, sisi tunashuka na ndoo na vyuma vyetu, tunatafuta pweza kwenye mashimo, tunaokota chaza na kome. Tunajua shimo kwa shimo. Ukiona vigamba vya kaa vimerundikwa mlangoni ujue mwenyewe yumo ndani, ametoka kula. Mwamba tunaoufikia ni ule wa karibu tu, wa masaa machache, maji yakirudi tumerudi. Sasa kikao kinakaa, wanaume wanakubaliana tufunge pale karibu kwa sababu pale ni rahisi kulinda. Rahisi kwa nani? Mwenye ngalawa anapandisha tanga anaenda kwingine, mimi naenda wapi? Siwezi kutembea juu ya maji.

Mtu anakuja kukwambia bahari imefungwa kwa faida ya jamii na wewe ndo jamii yenyewe umekaa na ndoo tupu. Mimi sipingi kufunga, pweza wa siku hizi ni wadogo mpaka unaona aibu kumuuzia mtu. Ila funga kipande tubaki na kipande, na mje mtuulize sisi kipi.

Mchangiaji mwingine

Naheshimu maoni yenu ila naona mnaenda mbali mno na hii habari ya kijiji kujiamulia. Pweza hahami, chewa hahami sana, sawa. Je dagaa? Vibua? Jodari? Hao wanapita, leo wako kwako kesho kwa jirani. Kijiji kimoja kikijizuia kijiji cha pili kinavua na hakuna kilichookolewa, mmewanyima wenu mkawapa wengine. Samaki wa kuhama anahitaji serikali, na mara nyingine serikali kadhaa zikae pamoja. Lazima pawe na kiwango cha kuvua kwa mwaka na mtu mwenye boti na mamlaka ya kukikamata kilichozidi.

Na tusijidanganye kwamba wavuvi wakiachiwa watajizuia wote. Wengi watajizuia, wachache hawatajizuia, na hao wachache ndo wanawavunja moyo wengine.

Mleta mada

Shikamoo mama. Umenigusa na nakubali, mfano wangu wa Andavadoaka nimeuongea bila kujiuliza nani anatembea kwa miguu. Nimeupokea.

Mkuu wa mwisho, kwamba samaki wa kuhama anataka serikali sipingi. Ila kwamba serikali yenye wataalamu inatosha, hapo tusimame kidogo. Kanada ilikuwa na wizara, ilikuwa na wanasayansi, ilikuwa na meli za doria, na kuanzia 1977 ilikuwa imeshajitwalia bahari yake mpaka maili 200. Wavuvi wa boti ndogo za pwani ya Newfoundland miaka ya 1980 wakawa wanasema kodi wanapungua na wanazidi kuwa wadogo. Viwango vya kuvua vikaendelea kuwa vikubwa, kwa sababu hesabu zilitegemea sana mavuno ya meli kubwa, na meli kubwa inafuata samaki mpaka pale walipobaki wamejikusanya, kwa hiyo inajaza kila siku mpaka siku ya mwisho. Julai 1992 ikabidi wafunge kabisa. Watu kama 30,000 wakakosa kazi kwa tangazo moja. Ilisemwa ni miaka miwili. Kodi wa kaskazini wa kule wamekuja kufunguliwa tena kwa biashara mwaka 2024, na kwa kiwango kidogo mno ukilinganisha na enzi zile. Miaka 32 jamani, mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana watoto sasa.

Sasa mvuvi wa jarife hapo juu amesema mimi ndo niliyejua wa kwanza. Ni maneno yale yale ya wale wa Newfoundland. Tatizo sio serikali kuwepo, tatizo ni anayeona wa kwanza kusikilizwa wa mwisho.

Na kuhusu wachache wasiojizuia, kuna jambo la Alanya, Uturuki, ambalo Elinor Ostrom aliliandika, yule mama aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009. Wavuvi wa pale walikuwa wanapigana kugombea sehemu nzuri za kutega. Wakaorodhesha sehemu zote kwa majina, kila Septemba wenye vibali walikuwa wanapiga kura ya bahati nani aanze wapi, alafu kila siku kila mtu alikuwa anasogea sehemu moja upande wa mashariki mpaka Januari, baada ya hapo walikuwa wanasogea kurudi magharibi. Kila mmoja alikuwa anapata siku yake kwenye sehemu bora. Na angalia ulinzi wake: siku yako ya sehemu nzuri ukimkuta mtu yupo utanyamaza? Hutanyamaza, na wenzako watakuwa upande wako kwa sababu kesho ni zamu yao. Hakuna aliyelipwa mshahara kulinda.

Mvuvi wa jarife

Hilo la zamu nimelipenda, ni haki inayoonekana kwa macho. Lakini bado hamjanijibu kuhusu zile taa za usiku. Mi nikijizuia, mke wangu akiacha mwamba wa karibu, kijiji kizima kikashika zamu, yule wa meli ya kukokota anapita mara moja anabeba tulichokilea mwaka mzima. Na mafuta yake analipiwa.

Mwanafunzi wa sayansi ya bahari

Kulipiwa mafuta ni kweli tupu kaka. Watafiti walikadiria ruzuku za uvuvi, yani pesa ambazo serikali zinawasaidia wavuvi, duniani mwaka 2018 kuwa dola bilioni 35 na zaidi, na kama bilioni 22 kati ya hizo ni zile zinazoongeza nguvu ya kuvua, mafuta, kujenga meli na kadhalika. Sehemu kubwa inaenda kwa wavuvi wakubwa. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kupiga marufuku ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa samaki walioshavuliwa kupita kiasi, mkataba ukaanza kufanya kazi Septemba 2025. Ila ruzuku zile zinazoongeza ukubwa wa meli bado zinabishaniwa. Wakati huo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema akiba za samaki wa baharini zilizovuliwa kupita uwezo wake zimetoka asilimia 10 mwaka 1974 mpaka karibu 38 mwaka 2021.

Mleta mada

Basi nabadilisha kauli yangu ya mwanzo, na nimeibadilisha kwa sababu yenu. Kufunga kipande cha mwamba kuanze na wanaokitembelea kwa miguu kusema kipi kifungwe. Nyavu ya macho madogo ibadilishwe kwa ya macho makubwa kwanza, mkononi, na mkopo wa ile ya zamani ujulikane nani anaumalizia, ndipo tuongee kukataza. Na boti ya doria kabla haijamfuata mwenye mtumbwi asubuhi iwe imeshatoka usiku kufuata zile taa. Hili la tatu ndo sharti, likikosekana mimi mwenyewe sitamwambia mvuvi yeyote ajizuie, sina uso huo.

Mchangiaji uliyesema serikali inahitajika, naomba maoni yako hasa kwenye hili la doria, nani ailipie?

Mama muuza samaki

Marahaba mwanangu. Hapo tumeelewana. Mkiitisha kikao cha kuchagua kipande kiwekeni siku za maji mafu, bamvua sisi tupo mwambani.