Waeskimo au Wainuit? Maisha ya kuhamahama yaliachwaje, na leo wanasumbuliwa na nini?

Mwalimu wa Kidato cha Pili aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha Jiografia, na wiki iliyopita tulipofika kwenye mada ya tabianchi za ncha ya kaskazini niliwaeleza wanafunzi, kama nilivyoelezwa mimi nilipokuwa na umri wao, kwamba huko wanaishi Waeskimo, watu wanaojenga nyumba za theluji zinazoitwa iglu, wanaokula nyama mbichi na kusafiri kwa chombo kinachoburutwa na mbwa. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema amesoma kwamba jina hilo ni la dharau, na kwamba watu hao siku hizi wanaishi katika nyumba za mbao zenye umeme na wanaendesha pikipiki za theluji. Sikuwa na jibu la kutosha, nikamwahidi kwamba nitatafuta. Naomba msaada kwa mambo matatu: jina sahihi ni lipi, maisha ya kuhamahama yaliachwa lini na kwa sababu gani, na ni shida zipi zinazowakabili sasa mbali na baridi?

Msikiliza Mapokeo alijibu:

Mwalimu, huyo binti yuko sahihi. Jina "Eskimo" walipewa na wageni, na huko Kanada na Greenland linahesabiwa kuwa tusi, ingawa Alaska bado wapo wanaolitumia, kwa kuwa huko wanaishi pia Wayupik, ambao ni jamaa zao lakini si Inuit. Mwaka 1977 wajumbe kutoka Alaska, Kanada na Greenland walikutana katika mji uliokuwa ukiitwa Barrow, ambao leo unaitwa Utqiaġvik, wakaunda chombo chao cha pamoja na kukubaliana juu ya jina Inuit, yaani "watu". Mtu mmoja ni Inuk, kwa hiyo sisi tunaposema Wainuit tunapachika wingi juu ya wingi, jambo ambalo Kiswahili kimelizoea na mimi sioni ubaya wake. Kwa jumla wanakadiriwa kuwa watu 180,000 hivi, wakihesabiwa pamoja na wale wa Chukotka nchini Urusi.

Kuhusu iglu, neno hilo kwao lina maana ya nyumba tu, ya aina yoyote. Nyumba ya theluji ilikuwa makazi ya majira ya baridi hasa katika Kanada ya kati. Kwingineko walijenga kwa mawe, mabonge ya udongo wenye nyasi na mifupa ya nyangumi. Na nyama mbichi haikuliwa kwa kukosa ustaarabu. Katika nchi isiyoota mboga, ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake, wanayoiita maktaaq, ina vitamini C, nayo vitamini hiyo hupungua chakula kikipikwa. Ndiyo maana mabaharia wa Ulaya walikufa kwa kiseyeye karibu na wenyeji waliokuwa na afya njema.

Kuna kisa kimoja ambacho ningekuwa mwalimu nisingekiacha. Mwaka 1845 Mwingereza John Franklin aliondoka na merikebu mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari ya kaskazini-magharibi, juu ya Kanada, akapotea pamoja na watu wake wote. Mwaka 1854 mpelelezi John Rae alirudi Uingereza na habari alizopewa na Inuit: kwamba wale mabaharia walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi yao walikula maiti za wenzao. Mwandishi Charles Dickens aliwashambulia Inuit magazetini kwa maneno makali, akashikilia kwamba ushahidi wa "washenzi" hauna thamani. Uchunguzi wa mifupa uliofanywa zaidi ya karne moja baadaye ulionyesha alama za visu. Erebus ilipatikana mwaka 2014 katika eneo ambalo masimulizi ya wazee yalikuwa yakilitaja muda wote, na Terror ikapatikana mwaka 2016, baada ya mwindaji mmoja wa kijiji cha Gjoa Haven kuwaambia watafutaji kwamba miaka kadhaa kabla alikuwa ameona mlingoti ukichomoza kwenye barafu ya ghuba.

Muuguzi, Ottawa alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi ya uuguzi Ottawa, na wagonjwa wengi tunaowapokea huletwa kwa ndege kutoka kisiwa cha Baffin, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Wiki zangu za mwanzo nilikuwa nikiwauliza swali mara tatu nikidhani hawajibu, mpaka mwenzangu aliponieleza kwamba kuinua nyusi ni "ndiyo" na kukunja pua ni "hapana". Walikuwa wamenijibu kila mara.

Neno ninaloomba kulirekebisha ni hilo "yaliachwa". Mpaka miaka ya 1940 familia nyingi za Kanada zilikuwa bado zikiishi katika kambi ndogo, zikifuata sili, samaki na kulungu wa Aktiki kulingana na majira, na kuuza ngozi za mbweha kwa Hudson's Bay Company. Bei ya ngozi ikaanguka baada ya vita, kisha serikali ikaja na shule, posho za watoto na zahanati, vyote vikiwa sehemu moja. Watoto walipelekwa shule za bweni ambako lugha yao ilikatazwa, na wazazi wengi wakahamia karibu nao kwa sababu hawakuvumilia kutengana nao. Mwaka 1953 familia kadhaa zilichukuliwa kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, zikapelekwa kilomita 2,000 hivi kaskazini zaidi, Grise Fiord na Resolute, mahali ambapo usiku wa kiangazi haupo na mchana wa majira ya baridi haupo, kwa ahadi kwamba wangeweza kurudi baada ya miaka miwili. Ahadi haikutimizwa, na Kanada iliomba radhi mwaka 2010. Kwa hiyo ukiwaambia wanafunzi kwamba watu hawa "walibadilika", waambie pia kwamba badiliko hilo lote lilitokea ndani ya umri wa mtu mmoja, na kwamba mara nyingi hawakuulizwa.

Kifua kikuu ndicho kinachoniuma zaidi, labda kwa sababu ya kazi yangu. Katika miaka ya 1950 meli ya C.D. Howe ilizunguka makazi ikipima watu vifua kwa eksirei, na aliyeonekana na ugonjwa hakuruhusiwa kushuka hata kuaga. Ilipofika mwaka 1956, takribani Inuk mmoja kati ya saba wa Kanada alikuwa katika hospitali za kusini. Wengine walifia huko, wakazikwa bila jamaa zao kujua kaburi liko wapi. Waziri mkuu wa Kanada aliomba radhi kwa hilo katika mji wa Iqaluit mwezi Machi 2019, watu wakiwa bado wanatafuta makaburi. Ugonjwa wenyewe haujaondoka. Kiwango chake kati ya Inuit wa Kanada kimekuwa karibu mara 300 ya kile cha Wakanada waliozaliwa nchini humo wasio wa jamii za asili, na sababu si hali ya hewa: zaidi ya nusu ya Inuit wanaoishi katika maeneo yao ya asili wamo katika nyumba zilizosongamana, na chakula cha dukani kinachosafirishwa kwa ndege kina bei ambayo ingemfanya mtu atoke dukani mbio hata Ottawa. Vijana wanajiua kwa viwango vilivyo mara nyingi zaidi ya vile vya Kanada nzima. Hilo kwa kidato cha pili ulipime mwenyewe.

Mwalimu wa Kidato cha Pili aliandika:

Marahaba, dada, na asante. Nimesoma mahali kwamba polisi waliwaua mbwa kwa makusudi ili watu wasiondoke. Ni kweli, au ni uvumi?

Mwanasheria Mstaafu alijibu:

Mbwa waliuawa, tena kwa wingi, kati ya miaka ya 1950 na 1970. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye nia. Sheria ilikataza mbwa kuzurura katika makazi, na polisi walisema wanalinda watoto na kuzuia magonjwa. Lakini mbwa wa kuvuta akifungwa mnyororo siku zote hudhoofika, na mwindaji aliyekuja kununua risasi na chai, akakuta mbwa wake wamepigwa risasi, hakuwa na njia ya kurudi kambini. Inuit wa eneo la Qikiqtani, yaani kisiwa cha Baffin na jirani zake, waliunda tume yao wenyewe ya ukweli, ikakusanya ushahidi wa wazee, na Kanada ikaomba radhi kwa eneo hilo mwaka 2019, kisha kwa Nunavik, yaani kaskazini mwa Quebec, mwaka 2024. Mimi naona kwamba mtu aliyebaki bila usafiri hapungukiwi na hasara kwa kuwa aliyemwondolea hakukusudia.

Hata hivyo nina hofu kwamba darasa litatoka likiwahurumia tu. Hawa ni watu waliokaa mezani miaka mingi na serikali, wakapata mkataba wa ardhi mwaka 1993 na jimbo lao la Nunavut tarehe 1 Aprili 1999, lenye eneo la zaidi ya mara mbili ya Tanzania, wakazi 40,000 hivi na hakuna barabara inayounganisha mji mmoja na mwingine. Greenland ina serikali yake ya ndani tangu 1979, na madaraka yakapanuliwa mwaka 2009. Mwaka 2005 kiongozi wa Inuit, Sheila Watt-Cloutier, na wenzake waliishtaki Marekani mbele ya tume ya haki za binadamu ya nchi za Amerika, wakidai kwamba kuyeyuka kwa barafu kunavunja haki zao, kwa kuwa barafu ya bahari ndiyo barabara yao na ndiyo ghala lao. Tume haikulisikiliza shauri lenyewe, ila hoja imebaki.

Na kama unataka kuanzia mahali watoto watakapoelewa mara moja, anza na majina. Kwao mtoto hupewa jina la marehemu, nalo humpa nafasi ya yule marehemu katika ukoo, hata mama akamwita mwanawe "baba" kwa sababu amechukua jina la babu yake. Serikali haikuelewa mpangilio huo usio na jina la ukoo, na kuanzia mwaka 1941 ikampa kila mtu kisahani chenye namba, E kwa wa mashariki na W kwa wa magharibi. Ni mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo Inuk mmoja, Abe Okpik, alipotumwa kuzunguka kambi kwa kambi akiuliza kila familia inataka kuitwa nani.

Mwalimu wa Kidato cha Pili aliandika:

Nawashukuru nyote. Darasani kwangu nina watoto saba wenye majina ya babu na bibi zao, na mmoja wao nyumbani wanamwita "babu" hadi leo. Jumatatu nitaanza na yeye.