Tupeane uzoefu: mnadhibitije matoleo ya michoro ya kihandisi?

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 ujenzi haujapoa: mji wa serikali Mtumba, reli ya SGR, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko. Mimi ni mtunza nyaraka kwenye ofisi ya washauri wa uhandisi, na ninachokiona kila siku ni kwamba kutoa toleo jipya la mchoro tunajua, kuliondoa la zamani mikononi mwa watu ndiko kunakotushinda.

Kwetu, matoleo A, B, C ni ya kujadiliana. Mchoro ukiidhinishwa kujengwa unaanza na 0, kisha 1, 2. Palipobadilika panazungushiwa wingu lenye pembetatu ya namba ya toleo, na kwenye jedwali la kona tunaandika tarehe, aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha na kilichobadilika. "Marekebisho mbalimbali" siipitishi kabisa. Andika "nondo za nguzo C4 kutoka Y12 kuwa Y16" (yaani kutoka unene wa mm 12 kuwa mm 16), maana atakayekarabati jengo hilo hatakuwa na wa kumuuliza.

Nyie mnafanyaje?

Msimamizi wa saiti, Mtumba
Mkuu, adui yetu ni picha za WhatsApp. Kuna kazi niliikuta ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mhandisi akapanua msingi, mchoro mpya ukatumwa kwa barua pepe, lakini fundi nondo akaendelea kukata kwa picha ya zamani iliyokuwa kwenye simu yake. Mkaguzi alipima kabla ya zege, ndiyo ikawa pona yetu. Sasa saiti inatumika nakala yenye mhuri tu. Anayeleta mpya anaondoka na ya zamani, na namba ya toleo inajazwa kwenye fomu ya ukaguzi kabla zege halijamwagwa. Bila namba hiyo, hakuna kumwaga.

Fundi mitambo, Kizota
Kwenye vipuri kuna swali jingine: kipuri kikibadilika, tukipandishe toleo au tukipe namba mpya? Sisi tunachonga vya mashine za kukamua alizeti. Kama kipya na cha zamani vinaweza kubadilishana nafasi bila kuchonga chochote, toleo linapanda, namba inabaki. Kama haviwezi, namba mpya, hakuna mjadala. Nilipokuwa kwingine, shafti ilitolewa mm 40 ikawa mm 45, maana yake beringi 6208 haifai tena, inatakiwa 6209. Namba ya kipuri ikaachwa ileile. Stoo zikachanganyika, na mteja wa Singida akapelekewa shafti isiyoingia wakati magunia ya alizeti yamejaa uani. Yule mzee aliumia sana, na kosa halikuwa lake.

Mchoraji, Area D
Programu zenye kufuli zinasaidia: ukichukua faili, wengine wanaisoma tu hadi uirudishe. Ila ofisi ndogo zisizo na hela ya leseni zifanyeje?

Mleta mada
Dada, anza na mafolda. ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, inagawa sehemu nne: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa, kumbukumbu. Kwenye iliyochapishwa aweke mtu mmoja tu, wengine wasome. Ongeza rejista ya Excel inayoonyesha nani kapewa toleo gani, na lini.

Mhandisi wa mabomba
Naongeza moja. Ombi la mabadiliko lipite kwa kila atakayeguswa kabla ya kusainiwa. Msanifu akisogeza choo, bomba langu la mm 110 linaweza kuangukia kwenye bimu, na mhandisi wa miundo ndiye wa kusema kama bimu hiyo inatobolewa au choo kinarudi kilipokuwa. Mimi sisaini fomu ambayo yeye hajaiona.