Tupeane uzoefu: ile fizikia ya chuo wanayosema "haina hesabu"

Mleta uzi
Wadau, salaam. Uzi huu ni wa waliosoma kozi ya utangulizi ya fizikia ya dhana, ile wanayowekewa watu wa fani nyingine watimize sharti la kusoma sayansi. Mimi ni wa historia. Sifa ya kozi ilinitangulia darasani: maelezo tu, fomula hakuna, maksi za bure.

Fomula kweli zilikuwa za kuhesabika. Sasa tazameni swali la jaribio la kwanza: mpira umerushwa juu wima, umefika kileleni, mchapuko wake hapo (yaani jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde) ni kiasi gani? Ukumbi karibu wote uliandika sifuri. Jibu ni 9.8 m/s², kuelekea chini, sawasawa na ulivyokuwa njiani. Kasi ndiyo sifuri. Mchapuko nao ungekuwa sifuri, mpira ungebaki unaning'inia hewani. Hapo hakuna cha kukokotoa, na mwenye fomula kichwani anaanguka vilevile. Leteni za kwenu.

Kiti cha Nyuma
Maksi za bure hahaha. Kwetu ukiandika "kani ya mpira ikaisha" umekwisha wewe. Mpira haubebi kani, yaani msukumo au mvuto; kani inatoka kwa kitu kingine. Msahihishaji alikuwa anazungushia hilo neno moja tu na kuendelea zake.

Msaidizi wa Semina
Nimewahi kuongoza semina za kozi hii, kwa hiyo nazungumza kutoka upande wa pili wa meza. Hilo la kileleni si la darasa lenu peke yenu. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes, huko Marekani, walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu kani na mwendo, lisilodai hesabu yoyote. Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, akawapa wanafunzi wake akidhani ni rahisi mno kwao. Mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe siku zote?

Swali hilo mimi nalipenda kuliko majibu mengi niliyosahihisha. Mtu anaweza kukokotoa vizuri kabisa, na fikra yake ya zamani ikabaki palepale haijaguswa. Mazur akabadili ufundishaji: unatoa swali, kila mtu anapiga kura kimyakimya, kisha wanageukiana kubishana, halafu wanapiga kura tena. Semina zangu niliziendesha hivyo. Kelele zilikuwa nyingi, na aliyeelewa jana humweleza jirani vizuri kuliko mimi niliyesahau kwamba jambo hilo liliwahi kuwa gumu.

Mbishi wa Darasa
Kwetu kelele zililetwa na nyundo. Tulionyeshwa mkanda wa mwaka 1971, David Scott wa Apollo 15 akiwa Mwezini anaachia nyundo na unyoya kwa pamoja. Vikatua pamoja, maana hewa ya kuuzuia unyoya hakuna. Wote tukatikisa vichwa, tumeelewa. Mhadhiri akauliza: kipi kilivutwa kwa kani kubwa zaidi?

Ukumbi ukapasuka. Kundi kubwa likashikilia kwamba kani ni sawa, kwa kuwa vimefika pamoja. Kumbe nyundo ilikuwa na kilo 1.32 na unyoya kilo 0.03, kwa hiyo nyundo ilivutwa kwa nguvu mara 44. Lakini na ugumu wa kuitikisa nao ni mara 44. Kani kubwa, mzigo mkubwa, mchapuko uleule. Mimi nilibisha mpaka koridoni, na sijutii.

Waya Mmoja
Maabara yetu ya umeme: betri moja, balbu moja, kipande kimoja cha waya. Washa. Basi. Watu wa fani zinazoheshimika walihangaika, kwa sababu kila mtu alitafuta namna ya kuupeleka umeme kwenye balbu, hakuna aliyefikiria kuurudisha. Balbu ina miguso miwili, ncha ya chini na ubavu wa chuma, na njia lazima ipite kote kuwili na kurejea kwenye betri.

Kisha tukapima mkondo wa umeme kabla ya balbu na baada yake. Namba ileile! Balbu haili mkondo. Ni kama mnyororo wa baiskeli: unazunguka wote bila kupungua, kinachohamishwa ni nishati.

Daftari la Kati
Niwe tofauti kidogo. Kozi hii tunaisifu kupita kiasi. Hesabu imo, imevaa nguo nyingine tu. Tuliambiwa kasi ya gari ikizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Nikakariri. Nilipokuja kuiona nishati ya mwendo ikiandikwa kwa kipeo cha pili cha kasi, yaani kasi mara kasi, mstari mmoja ulinieleza zaidi ya kurasa zote zile za maneno. Anayeogopa hesabu asifichwe, aoneshwe.

Mleta uzi
Hapo nakubaliana nawe nusu. Kwangu maneno yalitangulia, ndiyo maana mstari wenyewe ulipokuja haukunitisha.

Mgeni Muhula Ujao
Wakuu, naianza muhula ujao, nijiandae na nini?

Msaidizi wa Semina
Zoea kuchora mishale ya kani, na kila mshale utaje nani anasukuma nani. Jaribu hili sasa hivi: kitabu kimetulia mezani. Uzito wake unakwenda chini, meza inakisukuma juu. Je, hizo mbili ndizo jozi ya kanuni ya tatu ya Newton, ile isemayo kila kani ina mwenzake aliye sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo?

Mgeni Muhula Ujao
Ndiyo. Ni sawa kwa ukubwa na zimeelekeana kinyume.

Kiti cha Nyuma
Karibu sana kwenye kozi, mgeni 😂

Msaidizi wa Semina
Zote mbili zinatenda juu ya kitabu, kwa hiyo si jozi. Jozi hutenda juu ya vitu viwili tofauti. Dunia inakivuta kitabu; geuza sentensi hiyo.

Mgeni Muhula Ujao
Kitabu kinaivuta Dunia?

Msaidizi wa Semina
Kwa kani ileile kabisa. Sasa tueleze kwa nini ni kitabu kinachoanguka ukiondoa meza, wala hatuioni Dunia ikipanda kukifuata. Mbishi wa Darasa asimsaidie.